Neno na Nyakati Zake: Lugha ya Tanzia ya Kinjeketile Isomwapo Litein

1. Utangulizi

Tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, aghalabu hujadiliwa kwa maudhui yake: umoja, ukombozi, imani na matatizo ya uongozi. Lugha yake husifiwa kwa maneno machache, kisha ikaachwa. Husemwa kwamba ni nyepesi, kwamba iko karibu na mazungumzo ya kila siku, na kwamba inafaa jukwaani. Sifa hizo ni za kweli, lakini hazielezi kwa nini maneno ya kawaida kabisa, kama vile maji, mnyapara, au jina la mtawala aliyekufa zamani, yanabeba uzito mkubwa kiasi hicho katika mchezo huo.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba lugha ya tanzia hiyo haiwezi kueleweka sawasawa bila kuzingatia nyakati mbili za historia: wakati unaosimuliwa, yaani mwaka 1905, na wakati wa kuandikwa, yaani miaka iliyofuata Azimio la Arusha. Nyakati hizo hazikukaa kando kando. Zinakutana ndani ya neno moja moja, na pale zinapogongana ndipo msiba wa mchezo unapopata nguvu.

Ili hoja hiyo ijaribiwe, tamthilia inatazamwa hapa kutoka mahali mahususi: Litein, katika Bureti, baina ya Kericho na Sotik, ndani ya nchi ya Wakipsigis na ya mashamba ya chai. Nchi hiyo nayo ilikuwa na 1905 yake. Mwezi wa Juni mwaka huo majeshi ya Waingereza yaliwashambulia watu wa Sotik. Tarehe 19 Oktoba, upande wa kaskazini, Koitalel arap Samoei, orkoiyot wa Wanandi, aliuawa kwa risasi alipokwenda kuonana na Meinertzhagen kwa mazungumzo ya amani. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amekwisha kunyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti. Baina ya vifo hivyo viwili zilipita siku 76 tu. Kwa hiyo kwa msomaji wa Litein mchezo huu si habari ya ugenini, ingawa hausikii kama mtu wa Kilwa au wa Dar es Salaam. Tofauti hiyo ya usikivu ndiyo inayofunua kazi ya historia katika lugha.

2. Kiswahili cha mwaka 1905

Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, watu wa Nandete walipong'oa miche ya pamba. Tangu mwaka 1902 serikali ya Wajerumani ilikuwa imeamrisha mashamba ya pamba ya pamoja katika wilaya za kusini. Kila mtu mzima alitakiwa kuyafanyia kazi siku 28 kwa mwaka, kwa ujira mdogo hata wengine wakakataa kuupokea. Waliosimamia kazi hiyo walikuwa maakida na majumbe, na nyuma yao askari.

Wamatumbi, Wangindo, Wakichi, Wapogoro na Wangoni waliopigana vita hivyo walikuwa na lugha zao. Kiswahili kilijulikana katika njia za biashara na katika miji ya pwani, lakini kwa mkulima wa bara ya Kilwa kilikuwa vilevile lugha ya akida, ya hati ya kodi na ya amri ya viboko, kwa kuwa Wajerumani walikuwa wamekichagua kiwe lugha ya utawala wa ngazi za chini. Kwa upande mwingine, neno lililowaunganisha wapiganaji, yaani maji, limebaki katika vitabu vya Kijerumani na vya Kiingereza kwa sura yake ya Kiswahili hadi leo. Basi katika mwaka 1905 Kiswahili kilikuwa na nyuso mbili: kilikuwa mjeledi wa mtawala, na wakati huohuo kilikuwa chombo kilichoweza kuwavusha watu kutoka kabila hadi kabila.

Hussein hakujaribu kuigiza Kimatumbi wala kuwagawia wahusika wake lafudhi za makabila. Wahusika wa asili mbalimbali wanasemezana moja kwa moja bila mkalimani, na hata katika ugomvi wao wa kutiliana shaka wanaelewana maneno, ijapokuwa hawaelewani nia. Mwanahistoria anaweza kusema kwamba jambo hilo si sahihi. Mhakiki wa lugha hana budi kuuliza lilifanywa kwa ajili gani, na jibu linapatikana katika wakati wa pili.

3. Kiswahili cha mwaka 1969

Mwaka 1967 serikali ya Tanzania iliagiza Kiswahili kitumike katika shughuli zake zote, na mwezi wa Februari mwaka huohuo Azimio la Arusha likatangazwa. Historia ya Maji Maji ilikuwa imekwisha kuingia katika siasa ya uhuru, kwani Nyerere aliitaja mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956 kama hoja ya madai ya Watanganyika. Mwaka 1968 wanafunzi na walimu wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda kukusanya masimulizi ya wazee wa kusini, na katika mwaka huo Gwassa na Iliffe wakachapisha mkusanyo wa kumbukumbu za vita hivyo. Hussein aliandika akiwa katika mazingira ya chuo hichohicho.

Katika hali hiyo, kumpa Mngindo na Mmatumbi lugha moja lilikuwa tendo la kihistoria. Mtazamaji wa 1969 aliwaona wazee wake wakizungumza lugha ambayo taifa lake lilikuwa limeichukua kuwa yake. Lugha ya akida ilinyang'anywa akida, ikatiwa kinywani mwa waliopigwa naye. Kwa njia hiyo mchezo unatimiza kwa usemi kile ambacho vita vyenyewe havikukitimiza kwa silaha.

Hata hivyo, lingekuwa kosa kudhani kwamba lugha ya Kinjeketile ni lugha ya mikutano ya hadhara. Usemi wa siasa wa miaka hiyo ulijaa uhakika: ulijua adui ni nani na safari inaelekea wapi. Usemi wa shujaa huyu umejaa kusita. Wenzake wanapotaka neno la kuanzisha vita, yeye anachelewa na kuuliza. Anatambua kwamba neno alilolitoa limekua kuliko yeye, na sasa linamtawala. Kitunda anazungumza kama kamanda, kwa amri na hesabu za mazoezi, ilhali Kinjeketile anazungumza kama mtu anayesikiliza jambo lisilosikika na wengine. Tofauti hiyo ya usemi ndiyo inayoitenga tanzia hii na mchezo wa kuhimiza tu. Kwa Kiswahili cha taifa lililokuwa likijiamini, mwandishi alitunga sauti ya shaka.

Lipo pingamizi moja linalostahili kujibiwa. Hussein mwenyewe alieleza kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha sanaa na si yule wa historia. Mtu anaweza kusema kwamba kwa sababu hiyo historia haihusiki katika kuifasiri lugha yake. Ukweli ni kinyume chake. Mwandishi akishajitoa katika wajibu wa kunakili maneno yaliyosemwa kweli, kila neno analolichagua linakuwa ushahidi wa wakati wake yeye.

4. Jina la Seyyid Said

Mfano mkubwa kuliko yote ni jina la Seyyid Said. Katika mchezo, Kinjeketile akiwa amepagawa na Hongo anatoa utabiri wa ushindi, lakini ndani yake limo tamko kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Baada ya kuzinduka ndipo anapolipima neno hilo na kushtuka: ushindi dhidi ya bwana mmoja umefungamanishwa na kurudi chini ya bwana mwingine. Tangu hapo hawezi tena kusema kwa moyo mmoja.

Seyyid Said alikufa mwaka 1856, yaani miaka 49 kabla ya vita. Kwa hiyo jina lake katika vinywa vya watu wa 1905 halikuwa jina la mtu aliye hai. Lilikuwa alama ya utawala wa pwani na Unguja uliotangulia ule wa Wajerumani. Kwa mtu aliyechoshwa na mashamba ya pamba, enzi hiyo ya zamani ingeweza hata kuonekana nafuu. Kwa mwingine, ambaye ndugu zake waliteremshwa Kilwa Kivinje wakiwa watumwa, haikuwa nafuu hata kidogo.

Mtazamaji wa 1969 hakuwa na nafasi ya kusita hivyo. Miaka mitano tu ilikuwa imepita tangu Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964 na Muungano wa tarehe 26 Aprili mwaka huohuo. Katika lugha ya siasa ya wakati huo, usultani ulikuwa na maana moja. Jina lilipotamkwa jukwaani, mapinduzi yote yalisikika ndani yake. Mshtuko wa Kinjeketile ni wa 1905 kwa hadithi, bali ni wa 1964 kwa maana.

Jambo kama hili si geni katika tanzia za dunia. Katika Macbeth ya Shakespeare, bawabu mlevi anataja watu wanaosema kwa ndimi mbili na kuapa pande zote. Watazamaji wa London wa mwaka 1606 walisikia humo kesi ya padri Henry Garnet, aliyenyongwa mwaka huo kwa kuhusishwa na njama ya baruti ya Novemba 1605, ambaye alishutumiwa kwa usemi wa namna hiyohiyo. Samuel Mushi alipoifasiri tamthilia hiyo kwa Kiswahili, ikatoka kwa jina la Makbeth mwaka 1968, maneno yalivuka, lakini kesi ya Garnet haikuweza kuvuka nayo. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Kinjeketile ilipoingia katika Kiingereza mwaka 1970, ijapokuwa mfasiri alikuwa mwandishi mwenyewe. Jina la Seyyid Said liliandikwa vilevile, lakini kwa msomaji wa mbali lilibaki jina la sultani fulani wa kale.

Msomaji wa Litein yuko katikati ya hali hizo mbili. Kiswahili anakijua, na Mapinduzi anayajua kwa kusoma, lakini nchi yake haikutawaliwa kutoka Unguja. Kwake jina hilo ni somo linalohitaji maelezo. Yapo maneno mengine ya mchezo huo ambayo hayahitaji kuelezwa Litein.

5. Mnyapara, kutoka pamba hadi chai

Mojawapo ya hayo ni mnyapara. Katika tamthilia, mnyapara ni msimamizi wa shamba la pamba, mtu wa kuhimiza na kupiga. Asili ya neno hili ni Kinyamwezi, ambamo mnyampara alikuwa mzee au kiongozi, na katika misafara ya karne ya 19 alikuwa mkuu wa wapagazi, mtu wa heshima aliyejua njia na kugawa posho. Misafara ilipokufa na mashamba ya kikoloni kuanza, heshima iliondoka katika neno, ikabaki mamlaka. Hussein alilikuta neno likiwa tayari limegeuka, akalitumia bila kulieleza.

Katika nchi ya Kericho neno hilo lilifuata njia hiyohiyo katika zao jingine. Sehemu ya ardhi ya Wakipsigis ilitwaliwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza ili wapewe maofisa wa Kiingereza waliolemaa vitani. Jaribio lao la kulima kitani lilishindwa, na katika miaka ya 1920 makampuni ya chai yakashika mahali pao. Vibarua waliletwa kutoka pande nyingi, na Kiswahili kikawa lugha ya mistari ya chai, ya mizani na ya kambi. Ndani yake alikuwemo nyapara. Kwa hiyo msomaji wa Litein anapokutana na mnyapara wa Kinjeketile hahitaji tanbihi. Babu yake alimjua kwa jina.

Lakini historia haikuishia hapo. Mamlaka ya kustawisha chai ya wakulima wadogo ya Kenya, KTDA, iliundwa mwaka 1964, na chai ikaingia katika mashamba ya wenyeji wa Bureti wenyewe. Litein nayo ikawa na kiwanda cha majani yao. Zao ambalo kizazi kimoja kililichuma chini ya nyapara, kizazi kilichofuata kililipanda nyuma ya nyumba yake. Kwa sababu hiyo pamba ya mchezo, ambayo jukwaani ni uonevu mtupu, inasikika Litein kwa namna iliyochanganyika. Msomaji huko anauliza swali ambalo Mmatumbi wa 1905 hakupewa nafasi ya kuliuliza: je, ubaya ulikuwa katika zao, au katika anayeshika mjeledi?

6. Orkoiyot na maneno ya mtawala

Neno zito zaidi kwa Litein halimo kabisa katika tamthilia, nalo ni orkoiyot. Huyu ni mtu wa ukoo wa Talai, mwenye karama ya kuona yajayo, ambaye baraka yake ilitakiwa kabla ya vita. Mapokeo ya Wanandi yanasimulia kwamba Kimnyole arap Turukat, baba wa Koitalel, alitabiri kuja kwa wageni na kwa nyoka wa chuma atoaye moshi, na kwamba watu wake wenyewe walimuua mnamo mwaka 1890 kwa kumlaumu kwa misiba iliyowapata. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Kipchomber arap Koilegen, mwanawe mwingine, alikimbilia kwa Wakipsigis akawa orkoiyot wao, hata Waingereza walipomhamisha pamoja na ndugu zake wawili mwaka 1914. Hata mpango wa mawasiliano unafanana na ule wa Maji Maji. Orkoiyot alikuwa na maotik, wajumbe waliopeleka neno lake kwa wapiganaji, kama vile waliosambaza maji kusini walivyoitwa hongo.

Utawala wa kikoloni haukulipokea neno orkoiyot. Wakipsigis wenyewe waliandikwa katika hati zake kuwa Lumbwa, jina lililotokana na Wamaasai, ambalo pia lilipewa kituo cha reli kinachoitwa sasa Kipkelion. Mwaka 1934 ilipotungwa sheria ya kuuhamisha ukoo wa Talai, sheria hiyo iliitwa ya kuwaondoa Malaibon, na laibon ni neno la Kimaasai vilevile. Watu wapatao 700, wazee kwa watoto, walipelekwa Gwassi kando ya Ziwa Victoria, wakakaa huko hadi karibu na uhuru. Walihukumiwa kwa jina lisilokuwa lao, katika lugha isiyokuwa yao. Jina lilitangulia, kisha likaja lori.

Kiswahili nacho hakina hatia kamili katika jambo hili. Maneno yaliyo karibu ni mganga, mchawi, mtabiri na nabii. Mganga humfanya orkoiyot kuwa mtu wa dawa. Mchawi humtia katika jinai. Mtabiri humpunguza kuwa mpiga bao. Nabii humvisha kanzu ya dini nyingine. Katika nchi iliyokuwa na sheria ya uchawi tangu mwaka 1925, kuchagua baina ya maneno hayo hakukuwa jambo la mtindo tu. Hussein alikutana na tatizo la namna hiyo, akalitatua kwa kuliacha jina la Hongo lilivyo. Hakulifasiri kuwa shetani, jini au malaika. Mtazamaji analijua kwa matendo yake ndani ya mchezo, na hivyo analipokea bila hukumu iliyotangulia.

Liko jambo jingine ambalo tanzia hii inaifundisha nchi ya orkoiyot. Kifo cha Koitalel kimeandikwa kwa urefu na mtu aliyemuua, katika shajara iliyochapishwa mwaka 1957. Wanandi wamekisimulia kwa namna nyingine. Katika maandishi hayo anayesema ni mwenye bunduki. Mchezo wa Hussein unaugeuza utaratibu huo. Mwishoni Kinjeketile anatakiwa na maofisa aseme kwamba maji yalikuwa uwongo, naye anakataa, kwa kuwa anajua neno hilo moja lingewafikia watoto ambao hawajazaliwa na kuwaambia kwamba wazee wao walipigania bure. Imani yake katika maji imekwisha kutikisika, lakini imani yake katika nguvu ya neno imeongezeka. Mafaili ya mkoloni hayakumwachia mtu kama huyo kauli ya mwisho. Tanzia imempa, na imempa kwa Kiswahili.

7. Hitimisho

Imeonekana kwamba wepesi wa lugha ya Kinjeketile ni wepesi wa juu tu. Usemi wa pamoja wa makabila ni wa mwaka 1967 uliowekwa juu ya 1905. Jina la Seyyid Said linapata ukali wake kutoka 1964. Mnyapara amebeba misafara ya karne ya 19 pamoja na mashamba ya karne ya 20. Mhakiki anayeyachambua maneno hayo kwa vigezo vya mtindo peke yake ataona kwamba yamechaguliwa vizuri, lakini hataona kwa nini yanauma.

Kwa walimu na waandishi wa nchi ya chai, matokeo ya uchunguzi huu ni ya vitendo. Tanzia ya 1905 au ya 1934 ya Wakipsigis inaweza kuandikwa kwa Kiswahili, lugha ambayo Hussein alithibitisha kwamba inaweza kuubeba msiba wa watu ambao hawakuwa wakiizungumza nyumbani. Lakini itakayeiandika atalazimika kuamua mapema kama orkoiyot ataingia jukwaani kwa jina lake au kwa jina alilopewa na sheria. Madai ya Wakipsigis na Watalai yalifikishwa mbele ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu mwaka 2022, na katika madai ya namna hiyo watu huulizwa kwanza wao ni nani. Waliozaliwa Gwassi sasa ni wazee. Mwaka 1968 wanafunzi wa Dar es Salaam waliwafuata wazee wa Umatumbi na Ungindo vijijini kwao, wakayaandika maneno yao kabla hayajapotea. Kazi kama hiyo katika Bureti na Kericho, ikifanywa na idara za lugha pamoja na za historia, ingempa mwandishi wa tanzia ijayo msamiati ambao hakuna kamusi iliyoukusanya.